Mwanangu alipoanza kuchechemea, nilimlaumu dada wa kazi

Ilikuwa Jumanne asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa najiandaa kwenda kazini, kikombe cha chai mkononi, nikamwona mwanangu akitoka chumbani. Alikuwa na miaka miwili na mwezi mmoja. Siku zote hutoka mbio kama anayefukuzwa. Siku hiyo alikuja polepole, mguu wa kushoto akiukanyagia vidole tu na kuuondoa haraka, kana kwamba sakafu ina moto.

Nilicheka. Tuna jirani mzee anayetembelea mkongojo, na Junior, kama tunavyomwita nyumbani, hupenda kumwigiza. Nikamwambia, "Haya babu, njoo kwa mama." Akapiga hatua tatu, akakaa chini na kuninyooshea mikono nimbebe.

Hapo nikaweka kikombe chini. Nilimkagua unyayo na katikati ya vidole. Hakukuwa na mwiba, wala kipande cha chupa, wala lengelenge. Nikaingiza mkono ndani ya viatu vyake, navyo vilikuwa safi. Nikamvua suruali nikatazama goti, halikuvimba. Nikamuuliza, "Panauma wapi?" Akaweka mkono juu ya goti.

Dada anayetusaidia kazi alitoka jikoni. Ni binti wa miaka 19, na wakati huo alikuwa ametimiza miezi minane kwetu. Akasema, "Mama Junior, jana jioni nilipombadilisha nepi alilia sana. Nikimpanua mguu analia. Nilitaka kukwambia, ila ulirudi umechoka."

Wazazi wenzangu, katika maneno yote hayo mimi nilisikia moja tu, "jana". Kwa hiyo jana kuna kitu kilitokea.

"Alianguka?"

"Hapana mama, hajaanguka."

"Ulikuwa naye muda wote?"

"Muda wote, labda nilipotoka kuanika nguo."

Basi, hukumu yangu ikapita palepale. Kuanika nguo ni dakika kumi, na katika dakika kumi mtoto anapanda kitanda na kuanguka. Nilijua kilichotokea, na nilijua nani anaficha. Niliondoka kwenda kazini nimenuna.

Mafuta ya nazi na dawa ya homa

Njiani nilimpigia simu mama yangu. Saa nne alikuwa ameshafika nyumbani na chupa yake ya mafuta ya nazi. Mama ametulea sisi sita, na kwake mtoto anayechechemea ameteguka, na aliyeteguka anachuliwa. Alimchua mguu kuanzia pajani hadi kisiginoni. Dada alinisimulia baadaye kwamba mtoto alipiga kelele hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Jioni niliporudi alikuwa amelala kwenye mkeka, hataki kucheza. Mwili ulikuwa wa moto. Kipimajoto kilisoma nyuzi 38.2. Nikampa dawa ya maji ya kushusha homa, akalala.

Jumatano alfajiri nilimpa dozi nyingine, kisha nikampeleka zahanati. Kipimo cha malaria kilionyesha hana. Mhudumu akamshika goti, akalikunja na kulinyoosha, mtoto akawa ametulia. Joto lilikuwa la kawaida. Hakuniuliza kama nimempa dawa ya homa, nami sikumwambia. Akasema huenda aliangukia goti, akaandika dawa ya maumivu, na kutuambia turudi baada ya siku tano kama hajapona.

Nilitoka pale nimefarijika, na nikiri tu, nilitoka nimeridhika pia, kwa sababu hata mtu wa hospitali kasema mtoto alianguka. Usiku nikamwita dada, nikamwambia akisema ukweli sitakasirika. Akaanza kulia. Akasema, "Mama, mimi sijamwangusha. Na mtoto haumwi goti. Ukimshika goti halii. Analia ukimbadilisha nepi, na leo hata kutambaa amekataa."

Nikamjibu, "Kwani wewe ni daktari?"

Neno hilo ningelipata tena, ningelimeza.

Saa kumi alfajiri

Alhamisi saa kumi alfajiri niliamshwa na mlio wa mtoto. Haukuwa ule wa kudeka. Alikuwa amelala chali, mguu wa kushoto umekunjwa na kugeukia nje kama wa chura, na hakuusogeza hata kidogo. Nilipokaa kitandani, godoro lilipotikisika tu, akapiga ukelele. Kipimajoto kilisoma nyuzi 39.1.

Dada alikuwa mlangoni tayari, ameshika begi lenye nepi, kanga na kadi ya kliniki. Tulikodi bajaji hadi hospitali ya rufaa. Kila tuta lilikuwa kilio.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mchana mtoto anashinda na nani?" Nikamwonyesha dada. Akamgeukia yeye. "Haya dada, niambie tangu mwanzo."

Dada akaeleza kwa mpangilio. Wiki iliyopita mtoto alikuwa na jipu dogo nyuma ya bega, likapasuka lenyewe. Jumatatu mchana alikataa kupanda kwenye kiti chake. Jumatatu jioni alilia wakati wa nepi. Jumanne akaanza kuchechemea. Jumatano hakukanyaga kabisa. Mambo mengine nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza, mimi mama yake.

Kisha daktari akauliza, "Amepewa dawa gani, na saa ngapi?" Nikasema dawa ya homa, na ya jana niliimpa kabla ya kwenda zahanati. Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana walimkuta hana homa."

Akashika kisigino cha mtoto, akauviringisha mguu mzima taratibu, kulia na kushoto, kama mtu anayesukuma chapati. Goti halikukunjwa hata kidogo. Mtoto akapiga kelele. "Hili si goti," akasema. "Ni nyonga."

Alitueleza kwamba mshipa wa fahamu unaohudumia nyonga hufika pia kwenye goti, kwa hiyo ugonjwa wa nyonga unaweza kusikika gotini. Mtoto anaonyesha goti, kila mtu anatazama goti, na tatizo liko juu. Mtoto anayelia anapobadilishwa nepi huenda nyonga ndiyo inayomuuma, kwa sababu ndiyo inayofunguka tunapompanua miguu. Dada alikuwa amelitaja jambo hilo tangu siku ya kwanza.

Damu ilichukuliwa, picha ya eksirei ikapigwa ya nyonga zote mbili na mguu mzima, kisha kipimo cha altrasaundi kikaonyesha maji mengi ndani ya nyonga ya kushoto. Wakati tukisubiri, daktari alituhoji mimi na dada kila mmoja peke yake. Kuna mtu anayempiga mtoto? Kuna aliyemvuta mguu? Nilijisikia kudhalilishwa. Baadaye alinieleza kwamba kwa mtoto wa umri huo maswali hayo huulizwa kwa kila familia, kwa sababu wapo watoto wanaoumizwa na hawawezi kusema. Hapo ndipo nilipoona tofauti kati yangu na yeye. Yeye aliuliza kwanza. Mimi nilihukumu kwanza.

Sindano ilipoingizwa kwenye nyonga yalitoka maji mazito yenye usaha. Kabla ya adhuhuri mwanangu alikuwa chumba cha upasuaji.

Kwa nini hawakusubiri kesho

Ugonjwa wenyewe ni maambukizi ya bakteria ndani ya maungio. Bakteria wanaweza kuingia kwenye damu kupitia jeraha au jipu, na mara nyingine mlango wao haujulikani, kisha wakaweka makazi kwenye nyonga, goti au kiungo kingine. Usaha ukijaa humo unaanza kula gegedu, ile ngozi laini inayofanya mfupa uteleze juu ya mwenzake. Kwenye nyonga kuna hatari ya pili. Usaha unabana mishipa inayopeleka damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na kichwa hicho kikikosa damu kinaweza kufa. Uharibifu huo unaweza kuanza ndani ya siku chache. Mtoto anaweza kubaki na mguu mfupi au kuchechemea maisha yake yote. Bakteria wakisambaa mwilini anaweza kupoteza maisha.

Daktari wa mifupa alituambia jambo lililonikaa kichwani. Mwaka 1999 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha njia ya kupima uwezekano wa ugonjwa huu wa nyonga kwa kutazama mambo manne: homa inayozidi nyuzi 38.5, mtoto kushindwa kuukanyagia mguu, na vipimo viwili vya damu, yaani kasi ya chembe nyekundu kuzama na wingi wa seli nyeupe. Kadiri mambo hayo yanavyokutana, ndivyo wasiwasi unavyozidi. Mawili ya mwanzo hayahitaji maabara. Mzazi anaweza kuyaona akiwa nyumbani kwake.

Mwanangu alioshwa nyonga, akalazwa akipewa dawa za kuua bakteria kwa mshipa, kisha tukarudi nyumbani na dawa za kunywa. Zote pamoja ilikuwa wiki nne.

Si kila kuchechemea ni hatari

Siandiki haya ili kila mzazi akimbie usiku wa manane kwa sababu mtoto kajikwaa. Siku nilizokaa wodini niliona na kujifunza kwamba sababu ni nyingi.

Mtoto wa kitanda cha jirani, mwenye mwaka mmoja na nusu, alikuwa na ufa kwenye mfupa wa muundi. Ufa wa aina hii huwapata watoto wanaoanza kutembea, kati ya miezi tisa na miaka mitatu hivi. Inatosha mguu kujipinda wakati anateleza, na huenda hakuna aliyeona. Picha ya kwanza inaweza isionyeshe kitu, ufa ukaonekana siku kumi au zaidi baadaye mfupa unapoanza kujiunga. Unapona vizuri ukitulizwa.

Wapo pia wanaochechemea baada ya mafua, kwa sababu nyonga imevimba ndani bila bakteria. Hao huwa wachangamfu, hawana homa kali, na hupona ndani ya wiki moja au mbili. Lakini hali hiyo huwapata zaidi walio na miaka mitatu na kuendelea. Ndiyo sababu daktari alisema mtoto wa chini ya miaka mitatu anayechechemea asiachwe nyumbani kwa kudhaniwa tu. Aonwe haraka.

Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata maumivu makali ya mifupa, na akiwa mdogo, mikono au miguu kuvimba. Watoto hao pia hupata maambukizi ya mifupa kwa urahisi zaidi, hivyo homa pamoja na mguu unaouma kwao ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Kuchechemea kunakoanza taratibu na kuendelea kwa wiki nyingi kunaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Mtoto anayeamka usiku kwa maumivu ya miguu, amepauka, anapungua uzito au ana madoa ya damu ngozini achunguzwe saratani ya damu. Aliyechechemea tangu hatua zake za kwanza bila kuumwa huenda nyonga yake haikukaa sawa tangu kuzaliwa.

Na kama mguu umelegea ghafla, hauna nguvu, hata kama hauumi, usingoje. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo na useme hivyohivyo, "mguu umelegea ghafla", ili afanyiwe pia uchunguzi wa polio. Ikiwa alichomwa sindano ya makalio siku za karibuni, litaje na hilo.

Niliyoyaandika kwenye simu yangu

Nilipokuwa wodini niliandika orodha hii kwenye simu. Nimeshawatumia wadogo zangu wote, na leo nakupa na wewe.

Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ikiwa mtoto anachechemea na ana homa, amekataa kabisa kukanyaga au kusogeza mguu, analia unapombadilisha nepi au kumviringisha mguu, kiungo kimevimba, ni chekundu au cha moto, amelegea na hataki kula wala kunyonya, mguu umepinda baada ya kuanguka, ana selimundu, au mguu umelegea ghafla.

Kama hana dalili hizo lakini ana chini ya miaka mitatu, aonwe na daktari siku hiyo au inayofuata. Kama ni mkubwa kidogo, hana homa, anacheza na kula, unaweza kumwangalia siku moja au mbili. Asipopata nafuu, mpeleke.

Kabla ya kutoka, kagua nyayo, vidole, kucha na viatu. Tafuta mwiba, funza, malengelenge. Mrekodi video fupi akitembea, kwa sababu wengine wakifika mbele ya daktari wanagoma au wanatembea sawa. Mpime joto kabla ya kumpa dawa, uandike. Ukishampa, andika saa, na umwambie mhudumu hata asipouliza. Dawa ya homa si kosa, kosa langu lilikuwa kunyamaza.

Usimchue wala kumvuta mguu. Kama ni ufa unauumiza zaidi, kama ni usaha hauuondoi, na siku inapita. Usimpe dawa za kuua bakteria zilizobaki kabatini. Zinaweza kuficha ugonjwa bila kuuponya. Na ukirudishwa nyumbani halafu hali ikabadilika, usihesabu siku tano ulizoambiwa. Rudi.

Mama yangu nilimweleza taratibu, bila kumkosea adabu. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Sisi tulifanya tulichokijua." Ni kweli. Chupa ya mafuta ipo bado, siku hizi ni ya kupaka ngozi.

Deni langu

Siku ya tatu baada ya upasuaji, dada alileta uji wodini. Nilimtoa nje kwenye benchi la korido, nikamwambia, "Mdogo wangu, nilikukosea. Nilikusingizia, na nilikunyamazisha ulipokuwa unasema kweli. Naomba unisamehe." Alitazama chini, akasema, "Yameisha mama, apone tu." Baadaye ndipo aliponiambia kwamba Jumatano usiku alikuwa amepanga nguo zake. Alibaki kwa sababu aliona mtoto anaumwa na hakuna anayemwelewa.

Nafikiri sana juu ya hilo. Wengi wetu tunatoka alfajiri na kurudi usiku. Watoto wetu wanashinda na dada, bibi au jirani. Hao ndio wanaojua mtoto kala nini, kalala saa ngapi, kalia wakati gani. Lakini wakituambia jambo, tunawasikiliza kama washtakiwa, nao wanajifunza kunyamaza. Binti anayeogopa kufukuzwa hatakwambia hata siku mtoto atakapoanguka kweli, na daktari atakosa habari anayoihitaji.

Siku hizi nikirudi, kabla sijavua viatu, namuuliza dada, "Leo ameshindaje?" Kisha nakaa, nasikiliza hadi amalize.

Mwanangu sasa ana miaka mitatu na miezi mitano. Daktari bado anamwita kila baada ya miezi kadhaa kupima urefu wa miguu na kupiga picha, kwa sababu nyonga iliyougua hufuatiliwa kadiri mtoto anavyokua. Mpaka sasa iko sawa. Ametuambia tulifika siku ya nne tangu dalili ya kwanza, na kwamba tungengoja kurudi zahanati Jumatatu kama tulivyoelekezwa, angetueleza mambo mengine.

Asubuhi anatoka chumbani mbio tena. Namkemea ataanguka, halafu namwacha akimbie.